Ngoma ya Sufuria Iliyosikika Kasulu

Mabamba, Kibondo
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Mwidiwe, Mama. Mwidiwe nyote mlioketi hapo jikoni mkisikiliza. Natumaini barua hii inakukuta unatembea bila fimbo, na kwamba lile goti limekubali dawa ya majani aliyokuletea shangazi. Maharage ya mteremkoni yanaendeleaje? Huku mvua imepiga mpaka mahindi yamelala, ila mihogo iko salama. Mimi nilishikwa na malaria mwanzoni mwa mwezi, nikatetemeka hadi kitanda kikalia, sasa nimepona na ninafundisha kama kawaida. Chaki tunazo. Madawati bado ni matofali.

Kaka Gaspari, wewe ndiye unayemsomea Mama. Kabla hujaendelea, mwite Baba mdogo Filipo aje aketi. Kisha soma kwa sauti, usiruke neno kwa kumhurumia mtu. Barua ni ya Mama, lakini Baba mdogo ana haki ya kuisikia, na mimi nina haki ya kusikilizwa.

Mama, umeambiwa kwamba nilifika Kasulu mjini, nikapiga ngoma mbele ya umati, halafu nikapanda lori nikarudi Kibondo bila kupanda Heru Juu kukusalimu. Ni kweli yote. Sikanushi hata kidogo. Lakini aliyekueleza alianzia mwisho, na jambo likianziwa mwisho linaonekana wazimu. Ngoja nilianzishe mwanzoni.

Parokia yetu hapa ina bendi ya matarumbeta. Mapadre wa zamani ndio walioianzisha, wakaacha matarumbeta yenye mabonde, ngoma kubwa moja, matoazi, na ile ngoma ndogo ya kufunga kiunoni ambayo watu wa bendi huiita snea. Umewahi kuisikia kwenye gwaride. Ni fupi, ina ngozi juu na ngozi chini, na chini kabisa zimetandazwa nyaya nyembamba. Ukigonga juu, nyaya zinatetemeka chini, sauti inatoka kama mvua ya mawe juu ya bati. Hiyo ndiyo inayowaambia watu waweke mguu wapi. Matarumbeta yakikosea, watu wanasamehe. Snea ikikosea, maandamano yote yanachechemea.

Mwili wa ile ya parokia ni wa shaba ya manjano. Ni nzito, ukimaliza maandamano ya Ekaristi nyonga zinauma. Lakini sauti yake ina kifua, Mama. Inaanza kali, halafu nyuma ya ule ukali kuna sauti nyingine nene, yenye joto, inayobaki hewani kidogo kabla ya kuondoka. Mpigaji wake alikwenda kuwa utingo wa malori. Mwalimu Nikodemu, kiongozi wa bendi, ninafundisha naye shule moja, na alikuwa ameniona nikigonga meza kuwaingiza watoto darasani kwa hatua. Akaniambia, "Skola, shika vijiti hivi tuone." Nilivishika zaidi ya mwaka. Nilipiga harusini, nilipiga mazishini, nilipiga siku ya Matawi. Hakuna mvua iliyokoma wala ng'ombe aliyeharibu mimba.

Kisha Mzee Leonsi akawa mwenyekiti wa kamati ya parokia. Akaniita mbele ya wenzake, nami nikaenda na vumbi la chaki mikononi.

"Mwalimu," akasema, "hatuna ugomvi na wewe. Lakini mwanamke kufunga ngoma kiunoni, mbele ya msalaba, wageni wanatushangaa. Hata ng'ambo kule Burundi hakuna mwanamke anayegusa ngoma."

"Kuna pigo nililokosea?"

"Si habari ya mapigo."

"Basi ni habari ya nini, Mzee?"

Walichukua ngoma ya shaba wakaifungia sakristia, na vijiti akapewa Tadeo, mpwa wake. Ni kijana wa adabu, sina neno naye, ila miguu yake na mikono yake haijawahi kukubaliana. Nilipokuwa natoka nikawaambia, "Ngoma ni ya parokia, ifungieni. Mikono ni yangu." Wakacheka wakidhani nimemaliza.

Sasa kuna mtu mmoja hapa anaitwa Dezire. Ni mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, ana kibanda sokoni cha kuziba masufuria na ndoo. Kwao alikuwa anapiga hiyo hiyo snea katika bendi ya mji. Yeye anaiita kesi klere. Vita vilipowafukuza aliiacha ikining'inia ukutani, na tangu hapo amekula yamini hatashika vijiti mpaka arudi kuishusha mwenyewe. Nilimwendea nikamwambia, "Nitengenezee ngoma."

"Nitakutengenezea," akasema. "Kupiga nitakuachia weye."

Ya kwanza alinitengenezea kwa bati la debe la mafuta. Alilikunjua, akalizungusha, akalifunga kwa ribiti. Ngozi ya mbuzi juu na chini, pete za nondo nyembamba, bolti za kukazia, na nyaya zake zilitoka kwenye breki ya baiskeli mbovu. Ilipendeza macho. Lakini nilipoipiga, mbwa wa soko zima walibweka. Ilipiga kelele, Mama, kelele nyembamba ya juu, na kila pigo lilibaki likilialia hata mapigo mengine yakalikuta njiani. Nikivingirisha vijiti ili mapigo yashikane, badala ya kushikana yalirundikana.

"Ni chuma hicho," nikasema. "Kile cha shaba hakilii hivi."

"Dada mwalimu, unajisumbua bure. Sauti haiko mu chuma. Iko mu ngozi na mu nyaya. Chuma ni nyumba tu."

"Hata kama ni nyumba, Dezire. Ukiimba katika nyumba ya nyasi na ukiimba kanisani, ni sauti moja?"

Akakwaruza kidevu. "Bon," akasema, "leta nyumba ingine."

Mama, hapa ukae vizuri. Ile sufuria kubwa uliyonipa nilipopangiwa kazi huku, ile ya kupikia ugali wa wageni, niliipeleka kwa Dezire nikamwambia aikate kitako. Alikataa. Akaigeuzageuza, akaigonga kwa kidole, akaniambia sufuria ya mama haikatwi. Nikamwambia mama yangu alinipa chombo cha kulishia watu, na mimi nitawalisha kwa njia nyingine. Akaikata. Sikuomba ruhusa yako kwa sababu nilijua utanipa, na kama usingenipa ningeikata pia.

Ili Dezire asipate pa kujitetea, tulitumia ngozi zile zile na nyaya zile zile. Tulimketisha jirani yangu, Mama Zawadi, akiwa ametupa mgongo, anachambua maharage. Tukapiga ya debe. Tukaifungua, tukahamishia ngozi kwenye sufuria, tukakaza mpaka mkazo ukalingana, tukapiga tena.

"Ya kwanza ni mtu anagomba," akasema Mama Zawadi bila kugeuka. "Amemaliza kugomba na bado anaguna. Hii ya pili ni mtu amejibu mara moja akafunga mdomo."

Dezire hakutosheka. Alifungua tena kimyakimya, akarudisha ngozi kwenye debe, akapiga polepole kumhadaa.

"Mgomvi amerudi," akasema Mama Zawadi. "Na nyinyi mtaniachia lini nipike?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dezire hakukubali kushindwa wazi. Alisema sufuria ni nene kuliko debe, kwa hiyo si aina ya chuma peke yake, ni unene pia. Hapo nilimkubalia, ana haki. Lakini tangu siku ile hasemi tena chuma ni nyumba tu.

Sauti ya sufuria, Mama, ni kavu. Haina kifua kama cha shaba, wala haipigi kelele kama bati. Inasema ta! na kutulia, na katika ule utulivu pigo linalofuata linapata nafasi yake. Hata nikivingirisha haraka, unasikia kila punje. Ni nyepesi pia. Ninaweza kutembea nayo kutoka kanisani hadi makaburini na kurudi, nyonga zisiniume.

Basi ukaja mwaliko. Parokia za wilaya zote mbili, Kibondo na Kasulu, zilialikwa kupeleka bendi zao Kasulu mjini, kwenye sherehe ya kubariki kanisa jipya. Mazoezini Tadeo alivuruga kila kitu. Mwalimu Nikodemu akaja kwangu ameshika kofia mkononi.

"Skola, kamati imekubali uje."

"Imekubali vipi?"

Akatazama chini. Walivyokubali ni hivi: Tadeo atatangulia mbele amevaa ile ngoma ya shaba, imeng'arishwa kwa majivu na limau, atapitisha vijiti juu yake bila kuigusa. Mimi nitakaa nyuma ya lori letu na ngoma yangu ya sufuria, nipige nisionekane.

"Mwalimu," nikamwambia, "shaba na sufuria hazisemi sauti moja. Watu watajua."

"Nani anajua sauti za vyuma, Skola? Watu wataona shaba, watasikia ngoma, basi. Tusaidie. Bila wewe tutatembea kama mbuzi wa mnada."

Nilikubali kwa ajili yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa vijiti mara ya kwanza. Nilikubali nikiwa nimeuma meno. Tulilala njiani, lori lilizama kwenye tope, tukalisukuma wanawake na wanaume pamoja, na hapo hakuna aliyesema kusukuma si kazi ya mwanamke.

Uwanja wa Kasulu ulifurika. Bendi yetu ilipoitwa, nikaketi nyuma ya lori juu ya gurudumu la akiba, nikaanza. Nilikuwa naona kwa chini, kupitia uvungu wa lori, miguu ya wenzangu ikitembea kwa mapigo yangu. Miguu tu. Ukisikia mtu anakuuliza maana ya dharau, Mama, mwambie ni hiyo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujafika nusu, nikasikia sauti ninayoijua tangu nimezaliwa, inatoka kwenye umati.

"Hiyo ya manjano haisemi! Inayosema ni nyingine! Hiyo ni sufuria inapigwa!"

Watu wakaangua kicheko. Matarumbeta yakakatika moja moja. Tadeo, maskini, akabaki ameinua vijiti angani. Na huyo mwenye sauti akaja akizunguka lori, anafuata sikio lake, mpaka akanikuta.

Baba mdogo, nasema nawe sasa, uliyekaa hapo. Ulisimama ukanitazama.

"Skolastika?"

"Shikamoo, Baba mdogo."

Hukuitikia. "Binti wa kaka yangu," ukasema. "Nyuma ya lori. Ngoma kiunoni."

"Nyuma ya lori ndiko walikoniweka. Mimi nilitaka mbele."

"Unajua babu yangu alilinda ngoma za mwami aliyetawala Heru? Unajua mwanamke hakuzikaribia hata kwa kuzipitia? Ingoma si ya mwanamke, Skolastika. Nani atakuletea ng'ombe wa mahari ukishika vijiti?"

Watu walikuwa wamejaa pande zote. Nilisimama.

"Ngoma ya mwami ilichongwa kwa mti, ikavikwa ngozi ya ng'ombe, na mimi sijaigusa. Hii ni sufuria, Baba mdogo. Na sufuria mlitupatia nyinyi wenyewe."

Wanawake waliokuwa nyuma yako wakapiga vigelegele, kumbuka. Sikungoja jibu. Nilipita katikati yenu, nikatembea mpaka mbele ya bendi, mbele ya kanisa jipya na mapadre na wote walioalikwa. Tadeo alinitazama, akajivua ile ngoma ya shaba akaiweka chini kwenye nyasi, akachukua matoazi, akasimama nyuma yangu. Mzee Leonsi alikuwa anatikisa kichwa kule kwenye viti. Mwalimu Nikodemu alitazama kwenye viti, akanitazama mimi, akainua mkono.

Nilianza peke yangu. Nilivingirisha vijiti kutoka chini kabisa, taratibu, mpaka kicheko kikaisha uwanjani. Ile ngoma iliikata hewa ya wazi kama panga jipya. Shaba ni tamu ndani ya kanisa, kuta zinaishika. Lakini uwanjani, katikati ya matarumbeta ambayo nayo ni shaba, yangu haikumezwa. Kila pigo lilifika peke yake hadi ukingo wa mwisho wa uwanja. Tulitembea, Mama. Hakuna mguu uliokosea. Watoto walitufuata, wanawake wa Nyakitonto waliokuja na bendi yao wakaacha mistari yao wakatembea kando yangu, na tulipogeuka pale mbele ya mlango wa kanisa vumbi lilikuwa limetufika magotini na mimi nilikuwa nalia bila kujua.

Baadaye, wenzangu wakila, Baba mdogo alikuja tena. Hakupayuka. Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mama yako yuko juu pale. Panda ukamsalimu. Lakini hicho chombo kiache hapa barabarani. Hakiingii katika ua wa kaka yangu."

Mama, Heru ilikuwa inaonekana. Niliona moshi, nikajiambia ule ni wako, ingawa sijui. Ni mwendo wa mguu tu, na mimi sijakuona tangu likizo ya mwaka jana. Lori lilikuwa linawasha injini. Ngoma ningeweza kumpa Mwalimu Nikodemu aondoke nayo, nikapanda nikalala kwako, nikala maharage yako, asubuhi nikatafuta usafiri mwingine. Hakuna ambaye angenilaumu.

Lakini ningekuwa nimekuja nusu. Binti yako angefika, na mtu aliyetembea mbele ya watu mchana ule angebaki barabarani kama mwizi. Nikamwambia Baba mdogo, "Basi mwambie nimeshindwa kupita mlangoni." Nikapanda lori. Nililia mpaka tukapita mto, halafu nikaacha kulia, na sijajuta. Ninasikitika, ndiyo. Kujuta sijajuta.

Habari za baada ya hapo ni hizi. Kamati iliniita tena. Mzee Leonsi akasema ngoma ya shaba itabaki imefungiwa. Nikamwambia aitunze vizuri, isishike kutu ya kijani. Hawana ufunguo wa kufungia yangu, maana ni mali yangu, na barabara ya kutoka kanisani ni ya serikali. Kila Jumapili bendi inapotoka mlangoni mimi ninaisubiri pale barabarani, Mwalimu Nikodemu anainua mkono, tunakwenda. Juma lililopita Mama Zawadi alimpelekea Dezire sufuria yake kuukuu iliyotoboka. Akamwambia, "Hii usizibe. Kata kitako." Na baada yake wamekuja wengine wawili, mmoja ni mkunga. Tunajifunza uani kwangu jioni baada ya shamba, na mume wa mkunga ndiye anayetushikia taa ikianza kuingia giza. Dezire anatusahihisha kwa mdomo. Juzi niliacha vijiti juu ya ngoma nikaenda kuteka maji. Niliporudi nilikuta amevishika, amekaa tu navyo, hajapiga. Sikumwuliza.

Baba mdogo, neno langu la mwisho kwako. Uwanja ule ulikuwa na watu wengi, wenye shahada na wenye mashamba, na wote waliona shaba wakaamini wanasikia shaba. Wewe peke yako ulisikia chuma kilicho kweli. Sikio hilo ulirithi kwa babu yako, na mimi nimelirithi huko huko ulikolitoa. Huwezi kunipa sikio ukaninyima mikono.

Shule zikifungwa nitakuja. Nitapita njia ya mbele, mchana, watu wakiwa mashambani wananiona, ngoma ikiwa kiunoni. Mama, usigombane na mtu kwa ajili yangu, wala usimwombe mtu afungue. Nikikuta mlango wa ua umefungwa nitasimama nje na kupiga, na nitapiga vizuri, mpaka Baba mdogo mwenyewe ashindwe kukaa.

Nisalimie shangazi mwenye dawa za majani, mwambie goti likipona nitamshonea kitenge. Nisalimie wifi, mke wa Gaspari, na mapacha wake. Nisalimie bibi upande wa mama, na mjomba fundi baiskeli, mwambie nyaya za breki zisizofaa asizitupe. Nisalimie Mama mdogo, mke wa Baba mdogo. Nimesikia alicheka aliposimuliwa, namshukuru. Nawe Baba mdogo, shikamoo. Ile ya Kasulu hukuitikia, hii nakuachia mbele ya mashahidi.

Mungu akulinde, Mama.

Ni mimi binti yako,
Skolastika,
mpiga ngoma, Mabamba